Debe la Grisi na Nyumba ya Bati

Jumatatu, 4 Juni 1951
Kambi ya mgodi, Geita. Habari njema! Kinu cha kusaga mawe kinatafutiwa mpakaji mkuu wa grisi, na mpakaji mkuu hupewa nyumba ya bati, vyumba viwili. Mke wangu Melania yuko Kharumwa, mwaka wa pili sasa. Amekataa kuja kulala kwenye banda la makapera, na simlaumu. Nimemkumbuka mpaka chakula hakipiti. Tunaoshindana ni wawili: mimi Ngassa, na Valerian wa Bukoba, anayekunja mikono ya shati kama karani. Fundi Maulidi atachagua Jumamosi. Ametupa kila mtu gurudumu lake la meno, akasema tulipake kama mtu anavyojipaka mafuta usoni baada ya kuoga. Basi, kazi imekwisha kabla ya kuanza.

Jumanne, 5 Juni
Fundi Maulidi ni mtu wa Pangani. Huko, nasikia, mtu hujipaka tone la mafuta ya nazi akaona yametosha. Maskini. Kwetu bibi harusi hupakwa samli mpaka idondoke kidevuni, na isipodondoka watu huuliza kama kwao hakuna ng'ombe. Gurudumu langu nimelipaka debe zima. Limenona. Linameremeta. Valerian katumia brashi na grisi isiyojaa kiganja. Meno ya gurudumu lake bado yanahesabika. Kaniuliza kama nakusudia kulikaanga langu. Wivu huo.

Jumatano, 6 Juni
Gurudumu limeanza kuzunguka, na grisi imeanza kusafiri. Ukutani. Darini. Kwenye kaptula nyeupe ya Bwana Injinia. Nyingine ikaangukia mkanda wa mashine, mkanda ukateleza ukachomoka, kinu kikasimama mpaka mchana. Nilieleza kwamba gurudumu limeshiba tu. Fundi Maulidi hakucheka. Alisema grisi ikizidi hurukaruka, na inayobaki hushika vumbi la mawe likala meno. Kaamuru niifute iliyozidi. Jioni nimemwandikia Melania kwamba nyumba ya bati iko tayari, afungashe aje. Nimeona heri kumwalika kwanza. Nyumba italazimika kupatikana. Barua imeondoka na lori.

Alhamisi, 7 Juni
Nimefuta. Kama kufuta kunampendeza fundi, kufuta sana kutampendeza zaidi. Mafuta ya taa, matambara tisa, jasho. Halijabaki hata doa. Valerian kanishauri kwa upole niache utando mwembamba juu ya meno. Nimemshtukia. Anataka nishindwe.

Ijumaa, 8 Juni
Gurudumu limelia. Si kidogo. Akina mama sokoni waliacha mihogo yao wakakimbia. Kabla mashine haijazimwa, meno mawili yalikuwa chini. Bwana Injinia alisema mengi kwa Kiingereza. Mimi niliambulia jina langu tu, mara nne.

Jumamosi, 9 Juni
Nyumba kapewa Valerian. Moyo umeniuma, sifichi. Nilikuwa bado nimesimama nje ya ofisi lori lilipofika, Melania juu yake na kitanda, mtungi na kuku wanne. Ikabidi nimweleze yote mbele ya watu. Alishusha kuku wake kwanza. Kisha akasema mwanamume anayeandika barua kama ile ama ni mwongo ama anampenda mtu, na kwamba ataniambia ni kipi akishapumzika. Valerian, ambaye hana mke, akasema yeye peke yake vyumba viwili havimsaidii kitu, tuchukue cha nyuma. Melania akamshukuru, akanikabidhi kitanda nibebe. Sasa amelala, na mimi naandika kwa furaha. Nilimwahidi mke wangu bati, na juu yake kuna bati. Mpango umefaulu.

Jumapili, 10 Juni
Mapumziko. Kuanzia kesho nahamishiwa pampu ya maji. Fundi Maulidi kasema matone matatu ya mafuta kwa siku, akanionyesha vidole vitatu, akanilazimisha nami nimwonyeshe vyangu. Nimelitafakari jambo hili wakati Melania anapika, na kosa langu nimelipata. Grisi ilirukaruka kwa kuwa ilikuwa kidogo, haikuwa na uzito wa kutulia. Debe moja! Kesho asubuhi naomba mawili.