Mawe ya Fulu Sebuleni kwa Mzee Osukuku

Nyumba ya Walimu Nambari 3,
Amagoro.
Jumapili, 17 Machi 1974

Kwa Mzee Ignatius Osukuku,
Msimamizi Mkuu wa Sebule,
Malaba.

Baba mpendwa,

KUHUSU: MPANGO WA MAWE KATIKA SANDUKU LA SAMAKI

Juma lililopita nilikuwa nikiwafundisha wasichana wa kidato cha pili sehemu za ua, nikaisikia tena sauti ile: jiwe likikwaruza kioo. Darasani hapakuwa na jiwe wala kioo. Sauti ilikuwa imenifuata kutoka nyumbani, kwa sababu kila asubuhi, kabla sijamaliza chai, wewe huingiza mkono hadi kiwikoni katika sanduku la samaki na kuyapanga upya mawe niliyoyapanga mimi jana yake. Nilisimama na chaki mkononi mpaka msichana mmoja akaniuliza kama ninaumwa jino.

Ninaandika kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa. Nikikueleza jambo hili sebuleni, hucheka na kuwageukia wageni: "Mnamsikia mwalimu? Huyu ni wakili wa samaki." Lakini ulikuwa karani wa serikali kwa miaka ishirini na mitatu, na ninajua kwamba karatasi unaiheshimu kuliko mtu. Kwa hiyo nayaleta malalamiko yangu kwa nambari, kama ulivyonifundisha mwenyewe.

1. Mistari. Yule daktari aliyepitia huko kwa gari moshi akihamia Mombasa alikuachia sanduku la kioo, hakukuachia uwanja wa gwaride. Fulu ni samaki wa miambani. Huko ziwani, Nanjala muuza samaki alikowatoa na kutuletea ndani ya debe, kila mmoja alikuwa na tundu lake. Nilipanga mawe kumi na manne, moja juu ya jingine, nikaacha mapango ya kuwatosha wote. Wewe ukayalaza katika mistari miwili iliyonyooka, makubwa mbele, madogo nyuma, kama njia ya kuingilia ofisi ya afisa wa wilaya, D.O. Baba, samaki hawa hawana shauri la kumpelekea D.O. Hufukuzana mchana kutwa, na anayefukuzwa sasa hukimbia kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho wake, hugonga kioo, hugeuka, hukimbia tena. Wageni husema anacheza.

2. Chokaa. Sitalirefusha hili. Ulisema njia ya maana ni lazima iwe na mawe meupe. Mawe saba yakapakwa, maji yakawa kama maziwa. Wawili tuliwazika nyuma ya jiko, nawe ulivua kofia.

3. Mahali pa sanduku. Mwanzo lilikuwa kando ya ukuta. Ukalisogeza katikati ya viti, na kwa kuwa mawe sasa yamelala chini, mtu akitazama kutoka juu haoni ila maji. Mzee Emojong akaingia kutoka kwenye jua kali, macho yake bado yana giza, akaona watu wamekizunguka kitu na kukiinamia kama chungu cha pombe. Akafanya jambo ambalo kila mzee wa kwetu angefanya. Akavuta kigoda, akachomoa mrija wake mrefu wa pombe, akautumbukiza, akavuta. Kisha akasema kwa upole, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwenye nyumba: "Osukuku, pombe yako imepoa. Halafu kuna kitu ndani kinaniangalia." Mlicheka mpaka kuku wakaingia kulala. Nami nilicheka, nakiri, ila nilikwenda kuchekea jikoni.

4. Yule mama. Hili ndilo hasa. Fulu jike hayaachi mayai yake popote. Huyabeba mdomoni, na watoto huanguliwa humo humo. Kwa majuma matatu hali kitu. Akitishwa sana huyatema, au huyameza. Anachohitaji ni mahali pamoja penye giza ambapo hakuna atakayemsumbua. Nilimjengea kwa mawe matatu na bapa moja juu kama paa. Ndipo dereva Mutua, aliyekuwa akingojea karatasi zake za mpakani tangu Jumatano, akabandika uso kwenye kioo: "Mzee, hii moja yako iko na matumbwitumbwi. Ona vile mdomo imefura!" Ukataka kumwona mgonjwa vizuri. Ukaondoa paa. Nilipopiga kelele ulinijibu, "Watu wametoka mbali, Apolot. Wamekuja kuona samaki, si mawe." Hata jioni ilipofika mdomo wake ulikuwa umepungua nusu. Wewe ulifurahi kwamba amepona.

5. Mimi. Nambari hii nilitaka kuiruka. Kila ninapokaa chumbani na kitabu, huniita: "Mwalimu! Toka huko ndani, njoo usalimie watu." Nami hutoka. Husimama kati ya viti, nawe humweleza mtu wa Machakos kama Mutua alama nilizopata katika kila somo, naye hunitazama kama alivyomtazama mwenye matumbwitumbwi. Mwezi wa kwanza pazia la mlango wangu lilifuliwa, likaishia kwenye dirisha la sebule kwa sababu rangi yake inapatana na viti. Mwezi wa pili meza yangu ya kusomea ililifuata, ili wageni waone vitabu. Sijui, Baba, kama ulianza na mawe ukaja kwangu, au ulianza na mimi ukaenda kwa mawe.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima zote mambo yafuatayo.

Mawe yatambuliwe kuwa nyumba. Mtu haezui nyumba ya jirani ili aone jirani anakula nini.

Yeyote anayetaka kusogeza jiwe aandike ombi, nakala tatu, angoje siku kumi na nne. Madereva wa mpakani hawataona ajabu.

Na kwa kuwa unaamini kwamba anayeonekana ndiye anayeishi vizuri, naomba ukuta wa chumba chako cha kulala, ule unaotazama barabara ya Tororo, ubomolewe. Kitanda kiwekwe kati ya mistari miwili ya mawe meupe, na malori yaagizwe kupita polepole ili abiria wakuone ukivaa soksi. Nimemwuliza Mama. Amesema hana pingamizi, mradi yeye awe amehamia kwa dada yake kwanza. Mwezi mmoja ukiisha bila wewe kukimbia kutoka mwanzo wa kitanda hadi mwisho wake, nitayafuta malalamiko yangu yote na kuyapaka chokaa mawe yaliyobaki.

Mama alikuambia nimekwenda Amagoro kusahihisha mitihani. Sikwenda kusahihisha mitihani. Nimehama. Jumanne, ulipokuwa Busia, nilimtia yule mama katika ndoo yenye kifuniko, nikachukua mawe saba ambayo hayakuguswa na brashi, pamoja na vitabu vyangu, nikaja huku. Shule imenipa chumba chenye mlango unaofungika, tena imeniazima sanduku dogo la kioo la maabara. Meza nimekuachia. Mawe nimeyapanga ninavyotaka, na tangu Jumanne hakuna aliyeyagusa.

Nisalimie Mama, ambaye hakusema uongo ila aliuchelewesha ukweli. Nisalimie Mzee Emojong na mrija wake, na Mutua kama karatasi zake bado, na Nanjala akipita na debe, na wale fulu wanne waliobaki katika njia yao ya mawe. Wote wanaokaa katika viti vyako uwapelekee salamu za mtu aliye ndani.

Ni mimi binti yako, ninayekuheshimu kuliko barua hii inavyoweza kuonyesha,

Wilkista Apolot

N.B. Leo ni Jumatano. Barua imekaa siku tatu ikingojea stempu, na mengi yametokea. Kwanza, kwa siku sita nilikuwa nikiketi mbele ya rundo zuri sana la mawe nisione kitu chochote, huku nikijiambia kwamba nyuma yake kuna raha. Mildred, mwalimu wa chumba cha pili, aliniuliza kama kwetu watu hufuga mawe. Jana niliondoa lile bapa la juu. Kidogo tu, nilijiambia. Wametoka, Baba! Ni kumi na mmoja, kila mmoja mdogo kama punje ya wimbi, na wana macho. Mama yao akaniona, akafungua mdomo, wote wakarudi ndani mara moja. Nikakaa bila kupumua mpaka akawatoa tena. Nikatoka mbio kumtafuta mtu wa kumwonyesha: Mildred alikuwa sokoni, wasichana walikuwa kanisani kwa mazoezi ya kwaya, mpishi aliniambia ana ugali motoni. Nilizunguka shule nzima. Hakuna mtu ambaye angejua kushangaa ipasavyo ila mmoja, naye yuko Malaba. Njoo Jumapili baada ya misa. Sanduku nimeshalisogeza katikati ya chumba. Kiti nilikuwa na kimoja. Cha pili nimekiazima leo asubuhi, nikakiweka upande ule usio na jiwe.