Kilima Kilichoota Sebuleni Kwangu

Kwa Mama Jennifer,
Mwenyekiti, Kikundi cha Akina Mama Kanisani,
Kaplong.

Mheshimiwa Mama Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini majani chai yanachumwa na ng'ombe wanakamuliwa. Mimi si mzima. Jumamosi hii wazee wanatoka Londiani kuja kumposa binti yangu Chepkosgei, na juzi Jumatatu wanakikundi wako walikuja kutusaidia kuosha nyumba. Hapo ndipo nilipoharibiwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sakafu ya sebule yangu ni lamineti, zile mbao nyembamba za kupachika. Hutaka kupanguzwa tu kwa kitambaa kilichokamuliwa. Mama Gesare aliimwagia ndoo mbili za maji ya sabuni, kama anayepiga deki simiti ya darasa.

2. Imevimba. Katikati ya sebule kumeota kilima, na mlango wa chumba cha kulala haufunguki. Mke wangu Rodah, mama wa watu, anaingilia dirishani.

3. Uwezo wa kununua nyingine sina, maana hata mbao hizi zilikuwa masalio ya hoteli fulani. Nimejaribu njia za bei nafuu. Niliazima mashine ya kukausha nywele kwa Wanjiru wa saluni, ikaungua. Nikapiga pasi ya makaa, na sasa nina kilima chenye alama ya pasi. Nikalaza juu yake magunia matatu ya mbolea. Moja lilipasuka.

4. Hili ndilo linaloniumiza kabisa. Viti vya wageni lazima vikae hapo katikati, hakuna pengine. Baba wa kijana atakuwa kileleni, mimi bondeni. Jameni, mtu atajadili vipi mahari akitazama viatu vya mwenzake? Akisema ng'ombe wawili, nitajikuta naitikia. Binti yangu, mwalimu mzima, aende kwa ng'ombe wawili kwa sababu ya sabuni!

Kwa hivyo naomba kwa unyenyekevu kikundi kizima, nyote kumi na sita, mje mkae juu ya kilima hicho kuanzia Alhamisi asubuhi mpaka kilale. Fanyieni mkutano wenu hapo, mfume na vitambaa. Mama Gesare akae katikati kabisa. Simdharau hata kidogo, lakini boda boda wote wa Kaplong wanaujua uzito wake. Mkikataa, basi posa ifanyike kwako, nawe usimame kama mzazi wa Chepkosgei, kwa kuwa mwenye sakafu iliyonyooka ndiye mwenye haki ya kuozesha.

Nisalimie mzee wako, watoto, mchungaji, wanakwaya wote, na hata Mama Gesare.

Ni mimi niliyetulia lakini nimekasirika sana,
Weldon Kipyegon

N.B. Rodah ameisoma barua hii kupitia dirishani. Anasema akina mama walikuja na vitambaa vikavu, na Mama Gesare akanisihi nisimwage maji. Ati mimi ndiye niliyenyakua ndoo, nikatangaza kwamba wazee wa Londiani hawawezi kupokewa kwenye sakafu isiyoonja maji. Nimejaribu kukumbuka vinginevyo, nimeshindwa. Tafadhali, kila palipoandikwa Mama Gesare, soma Kipyegon, isipokuwa pale kwenye uzito. Alhamisi mje. Chai nitapika mwenyewe.