Kompyuta ya Kupima Mimba za Ngamia

Leo nimepimwa mimba sokoni, mbele za watu, na mashine imesema ninayo.

Adan, Omondi, Salat: kaeni kwanza. Nawaandikia barua moja nyote watatu kwa sababu sina nguvu ya kulieleza jambo hili mara tatu. Ianze Masalani kwa Omondi, iende Sangailu kwa Salat, imalizikie Hulugho kwa Adan. Mkishasoma, ichomeni.

Mnanijua tangu chuo cha ualimu. Tatizo langu si ubishi. Tatizo langu ni kutaka kujua. Nikisikia mtu anasema "teknolojia mpya", mguu wangu unatangulia kabla sijauruhusu. Ndiyo maana nyumbani nina kile kidude cha kufukuza mbu kwa sauti wanayoisikia wao tu (mbu hutua juu yake kupumzika, nimewaona kwa macho yangu). Nina antena iliyoahidi kuniletea televisheni ya Nairobi safi kabisa. Nina tochi ambayo muuzaji alisema haihitaji betri, na ni kweli haihitaji. Hata ukiitia haiwaki. Mke wangu Halima amevikusanya vyote kwenye karai moja, chini ya kitanda, na karai lile analiita makaburi ya mshahara.

Basi leo niliondoka nyumbani nimeapa kwamba sitanunua kitu chenye waya.

Na sikwenda kutembea. Nilitumwa na Hooyo, mama yangu, aliyeko Modogashe. Ukame uliopita ulimmalizia ngamia wake wa maziwa, na tangu hapo anapeleka kibuyu kwa majirani kuomba. Wanampa, si kwamba wanamnyima. Lakini amechoka kuona kibuyu chake kikibisha hodi. Ameuza mbuzi karibu wote, akanitumia pesa na agizo moja: ngamia jike, mwenye mimba. Ngamia hubeba mimba mwaka mzima na zaidi. Hooyo alisema mwaka mmoja wa kungoja anauweza, wa pili hapana. Nikimnunulia tasa, hakuna mbuzi wengine wa kuuza.

Nikafika soko la mifugo mapema, nikamtafuta Gurey. Huyu ni dalali, mnunuzi na muuzaji wote hupitia kwake. Gurey maana yake ni mwenye shoto. Omondi, hapa nakueleza wewe: kwetu Wasomali jina la utani haliombi ruhusa. Mtu akiwa na shoto ataitwa Mashoto, akiwa na masikio makubwa ataitwa Masikio, mbele ya wakwe zake, mpaka afe. Na halifi naye. Wajukuu wanalirithi. Babu yake Gurey ndiye aliyekuwa na shoto. Gurey mwenyewe anatumia mkono wa kulia.

Alinionyesha jike mmoja mwekundu, mzuri, macho yamemtulia. Akasema amepandwa majuzi tu, ana mimba changa. Nikamwambia tumwangalie mkia.

(Omondi, tena wewe, ambaye mpaka leo unamwita ngamia "ile kitu refu". Jike akishika mimba, ukimsogelea anapandisha mkia na kuupinda juu, kama anayekuambia usijisumbue, nimeshaolewa. Kila mtoto hapa anajua. Kipimo chenyewe ni bure.)

Gurey akasema mkia bado, ni mapema mno, lakini leo kuna mtu wa Nairobi aliyeleta kompyuta ya kupima hata mimba ya juzi.

Kompyuta. Wenzangu, mguu ukatangulia.

Mtu mwenyewe alijiita Ken. Kijana wa tai, kwenye jua la Garissa, tai imefungwa mpaka kooni. Mbele yake meza, juu ya meza kisanduku kama redio ndogo, na kwenye kisanduku waya unaokwenda kwenye kifimbo. Ncha ya kifimbo ilikuwa na vichuma viwili vinavyong'aa. Alikuwa anakiuza, na watu walikuwa wameshamzunguka. Alikuwa akihubiri kwamba karne inayokuja mfugaji hatabahatisha tena, kwamba huko ng'ambo hakuna mtu anayeangalia mkia, kwamba mkia ni mambo ya zamani na kompyuta haina hisia wala udugu. Maneno yalikuwa matamu. Nilitamani kuyaamini, nasema kweli. Nilimfikiria Hooyo na kibuyu chake nikaona ingekuwa raha kweli kujua kwa uhakika.

Gurey akamwuliza kwa Kiswahili chake, "Waryaa, wewe kijana, hii redio yako naona ndani ya tumbo?"

Ken akajibu kwamba haioni, inahisi. Kisha akaonyesha. Akaletwa dume. Ken akagusisha kifimbo ubavuni, kisanduku kikanyamaza. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Akaletwa yule jike wangu mwekundu. Ken akachovya kitambaa kwenye kopo, akamfuta tumbo vizuri, akasema anaondoa vumbi. Akagusisha kifimbo. Taa nyekundu ikawaka na kisanduku kikalia: tiiiii.

Minong'ono ikapanda, na bei ya jike ikapanda nayo. Gurey aliniangalia kama mtu anayekusubiri utoe mkono mfukoni.

Nilikuwa karibu kuutoa. Lakini kuna jambo lilinikuna. Mbona dume hakufutwa vumbi? Dume alikuwa amejaa vumbi mpaka kope. Nikavitazama vile vichuma viwili. Nikalitazama lile kopo. Darasa la saba, somo la umeme: mkondo haupiti pakavu, lakini weka maji yenye chumvi kati ya vichuma viwili, taa inawaka. Tumelifundisha wote wanne. Nikajua. Kisanduku kile kilikuwa kinapima kama tumbo limelowa, basi.

Hapo mtu mwenye akili angemvuta Gurey pembeni, akamnong'oneza, akaondoka na heshima yake. Mimi nikainua mkono kama niko darasani.

Nikamwomba Ken amfute dume kwa kitambaa kilekile, ampime tena. Akasema haiwezekani, dume akipimwa mara mbili kompyuta inachanganyikiwa. Nikamwomba apime beberu. Akasema imetengenezwa kwa wanyama wakubwa. Nikamwuliza, hata binadamu? Akacheka, akasema binadamu ni mkubwa vya kutosha, ikibidi. Ni mdomo uliomponza, maskini. Sote wawili ulituponza.

"Basi nipime mimi," nikasema.

Mpango wangu ulikuwa safi. Jua lilikuwa limepanda, shati limenishika mgongoni, tumbo langu lilikuwa limelowa jasho kuliko kile kitambaa (na mnajua tumbo langu, tangu nioe limepata cheo). Kisanduku kingelia. Watu wangeona kinadanganya. Ningeeleza mkondo wa umeme kwa dakika chache, wangenishukuru, tungekwenda kunywa chai.

Nikavuta shati kutoka kwenye suruali, nikalikunja mpaka kifuani. Ken akasita. Watu wakamwambia apime. Akagusisha.

Tiiiii.

Ililia ndefu kuliko ya ngamia. Taa nyekundu ikawaka na haikuzima. Soko lote likanyamaza, hata mbuzi, naapa. Nikageuka na tabasamu la mshindi, nimefungua mdomo kusema "Mnaona sasa". Mama mmoja muuza maziwa akaniwahi. Aliuliza kwa upole, kama muuguzi, "Maalim, wa ngapi huyu?"

Hapo kicheko kilipasuka, na mimi nikafanya kosa la pili. Nilianza kufundisha. Nikasema habari ya jasho, nikasema habari ya chumvi, nikasema mkondo unapita kutoka chuma hiki kwenda kile. Nilisema yote hayo huku shati bado limekunjwa kifuani na mkono mmoja uko juu ya tumbo. Sikujiona. Nasikia nilikuwa nalipapasa.

Ken naye, sijui ni hofu ama ni ujanja wa kazi, akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba kompyuta haikosei, labda maalim aende hospitali akahakikishe.

Gurey ndiye aliyenimaliza. Aliinua mkono wa kulia, watu wakatulia. Akamwambia Ken, kwa ule ulimi wake unaogeuza p kuwa b, "Wewe ngoja. Mashine yako mebima. Sasa sisi nabima ya kwetu."

Kisha akaanza kunijia. Polepole, kwa mbele, akinipigia ulimi tak, tak, mwendo uleule anaomwendea nao jike. Nilijua anachofanya. Kila mtu alijua. Nikasimama wima kama askari. Niliona hata nikicheka nitakuwa nimekubali. Na wote, wazee kwa akina mama, wakainamisha vichwa kuangalia nyuma yangu.

Wenzangu, nilipolivuta shati, nililivuta mbele tu. Nyuma lilikuwa limenaswa kwenye mkanda, limelowa jasho, na upindo wake ulikuwa umesimama juu, umejipinda kidogo mwishoni.

"Mkia!" akapiga kelele mtu mmoja.

Sitaki kuwaeleza kilichofuata. Watu walikaa chini. Mzee mmoja alishika mguu wa ngamia asianguke. Yule mama wa maziwa alijifunika uso kwa shela yote na mabega yakawa yanarukaruka. Ngamia kwa Kisomali akiwa na mimba anaitwa riman. Nililisikia likisemwa kwanza upande wa mbuzi, "Riman," likaja upande wa ng'ombe, likafika kwa wenye malori. Nilisimama pale nikisikia jina langu likizaliwa. Niliona aibu, sitaki kuwadanganya, macho yalinichoma kabisa.

Lakini sikilizeni hili. Gurey, akiwa bado anafuta machozi, mwendo ulikuwa haujamwisha miguuni. Akageuka akamwendea yule jike mwekundu vilevile, polepole, kwa mbele, akipiga ulimi. Nadhani alitaka tu kuirudia raha. Jike akamtazama. Mkia ukaning'inia chini, umelegea. Akamwendea tena. Chini. Akaleta dume amsogelee. Chini.

Watu wote walikuwa wameinamisha vichwa tayari, kwa hiyo wote waliona.

Gurey ni dalali lakini si mwizi. Akanigeukia, akasema kwa Kisomali, na hapo hakuwa anacheka: "Huyu ningekuuzia, maalim, na mama yako angengoja mwaka bure." Kisha akaongeza kwa Kiswahili, kwa faida ya Ken, "Huyu hana. Maalim ndiye iko nayo."

Mwenye jike akamchukua jike wake akaondoka. Bwana mmoja aliyekuwa anakaribia kununua kisanduku akarudisha mkono mfukoni. Ken alifungasha vitu vyake. Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilikuwa bado nataka kukifungua kisanduku nione ndani kuna nini. Nikamwomba. Akaniambia nimwache.

Nikanunua jike mwingine, mzee kidogo, kovu shingoni, hana sura ya kusifiwa. Lakini Gurey alipoanza kumwendea, hata kabla hajamfikia, mkia ulikuwa juu. Nikamsogelea na mimi mwenyewe, mkia ukapinda. Nilitaka kumkumbatia. Wachungaji wanaokwenda Modogashe wamemchukua adhuhuri.

Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imenitangulia: Halima alikuwa amelitoa karai chini ya kitanda na kuniwekea mto kitandani. "Lala," akasema. "Umesimama muda mrefu."

Saa kumi nikaenda kwenye taar kumpa Hooyo habari. Mnaijua taar: redio ya kuitana, unalipia dakika zako, na kila mwenye redio kwenye masafa yale, kutoka Mandera mpaka kwa Adan huko Hulugho, anasikia kama yuko chumbani kwako. Nilikuwa na haraka ya kumwambia mimi kabla hajaambiwa. Nikamwita. Akaja, sauti yake imejaa mkwaruzo.

Nikamwambia, "Hooyo, ngamia nimempata, mkia nimeuona kwa macho yangu, yuko njiani. Ova."

 Kisha Hooyo akamshukuru Mungu, akaniombea dua ndefu, akaniambia amekwisha kukisafisha kibuyu na kukifukiza moshi, na safari hii hakitoki nje ya nyumba yake.   Nikaona, alhamdulillahi, habari ya sokoni haijamfikia.

Halafu akasema, "Na wewe, mwanangu, usibebe vitu vizito. Ova."

Pale masafani, mbali, mtu akacheka. Kicheko cha kukwama kwanza, halafu kinafoka kama sufuria ya uji. Adan, nilikisikia kicheko hicho miaka miwili kitanda cha juu yangu. Kwa hiyo wewe sikuombi usicheke, umeshachelewa. Omondi na Salat nawaomba. Na nyote watatu, mkinijibu, kwenye bahasha andikeni Mwalimu Yusuf, herufi kubwa. Nadhani watu wa posta bado hawajasikia.