Kupinga Desturi ya Kupanda Mlima na Kurudi Kulala Palepale

Garissa,
9 Novemba 1996

Ndugu Mhariri,

"Siku tuliyopanda hadi mita elfu nne na mia sita, kisha tukashuka kulala katika mahema yaleyale tuliyoamkia, ndiyo iliyokuwa siku yenye faida kuliko zote." Maneno hayo yameandikwa na Mwalimu Abdinur, mwenyekiti wa chama chetu cha wapanda milima hapa Garissa, katika toleo lako la mwezi uliopita, ukurasa wa tatu, chini ya picha yake akiwa amevaa kofia ya sufu. Nimeyasoma mara nne. Mara ya kwanza nilidhani ni kosa la mpiga chapa. Mara ya nne nikaomba kalamu.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawakuwapo, mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa Agosti tulitoka Garissa watu kumi na mmoja, wengi wao walimu, kwenda kupanda Mlima Kenya. Siku ya tatu, tukiwa kambini bondeni, kilele kikiwa mbele ya macho yetu, watu wazima wenye afya na viatu vipya, mwenyekiti akatangaza kwamba leo hatusongi mbele. Leo ni "siku ya kuzoea hewa". Tungepanda ukingo wa jirani kwa saa tatu, tukae juu, tunywe chai, tushuke, tulale tulipolala jana. Mimi nilikataa. Nilibaki kambini.

Sasa mwenyekiti ametoa fomu ya safari ya Desemba, na sehemu ya nne ya fomu hiyo inasema: "Nitashiriki siku ya kuzoea hewa bila kubishana." Asiyetia sahihi hapo haendi. Majina yanafungwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Nina miaka hamsini na moja, Ndugu Mhariri, na magoti yangu yameanza kunipa taarifa kwamba hayatanisubiri sana. Nataka kufika kileleni. Kwa hiyo naomba nafasi katika jarida lako nieleze kwa nini sehemu ya nne ifutwe.

1. Safari ina maana yake. Mtu akitoka Garissa kwenda Wajir, jioni akakutwa Garissa, hatusemi amesafiri. Tunasema gari limeharibika.

2. Tulikuwa na mwongoza njia, kijana mpole wa upande wa Meru aitwaye Mutugi, ambaye nilimuuliza kwa adabu sababu ya jambo hili. Akanijibu, "Mzee, unapanda juu, unalala chini, mwili unazoea." Nikamwambia mimi nimelala chini maisha yangu yote, Garissa yenyewe iko chini, mwili wangu kwa kulala chini hauhitaji mafunzo. Akacheka. Binti yangu Ayan, ambaye nilimlipia safari hii ili ajifunze kutoka kwangu, akasema, "Aabo, ni matembezi tu, njoo, tutakubebea chupa." Kunibebea chupa! Walimu wote walisikia. Baada ya neno hilo hata kama ningekuwa nimeanza kukubali, na sikuwa nimeanza, nisingeweza kwenda.

3. Tukubali kwa dakika moja kwamba nadharia hii ni ya kweli. Basi na itumike kwa haki. Kila mwaka serikali inatuletea maofisa kutoka sehemu za baridi. Wanashushwa kwenye basi mwezi wa Februari saa nane mchana wakiwa na makoti. Je, kuna hata mmoja aliyeletwa asubuhi akaonyeshwa jua, akarudishwa mji wa Mwingi kulala? Hakuna. Wanalia wiki mbili, wanajifunza kukaa kivulini, wanazoea. Wengine wameoa hapa.

4. Na kwa nini tuishie kwenye hewa? Mwanafunzi naye aingizwe kwenye chumba cha mtihani, aone karatasi, azoee, arudi nyumbani kulala, kesho ndipo aandike. Mwalimu Abdinur ni mwalimu mkuu. Namsubiri aianzishe shuleni kwake. Bwana harusi naye aende ukweni, ale wali, atazamane na mama mkwe kwa saa tatu, arudi kwa mama yake mpaka kifua kitulie. Mbunge naye apelekwe Nairobi mchana mmoja tu, arudi kulala kwa wananchi wake. (Nimeifikiria tena hii ya mbunge. Naiondoa kwenye malalamiko na kuiweka kwenye mapendekezo.)

5. Inadaiwa kwamba nilipobaki kambini nilibaki kwa uvivu. Huo ni uongo. Nilifanya kazi. Nilisoma kitabu kizima cha historia ya dola za Sahara, nikawafukuza pimbi waliokuwa wanaiba mkate wa chama, na nikamweleza mpishi makosa ya sera ya mifugo tangu ukoloni. Mpishi alisikiliza mpaka mwisho. Wenzangu walirudi saa tisa wakiwa wekundu, wanahema, vichwa vinawauma, na Mwalimu Mustaf, ambaye ni kijana, amekaa juu ya jiwe akiangalia viatu vyake kama vya mtu mwingine. Niliwauliza, "Mmefika wapi?" Wakaomba maji. Nilijua nimeshinda.

6. Sasa nifike kwenye usiku wa kilele, kwa kuwa najua mwenyekiti ataufikia nisipoufikia mimi. Ni kweli kwamba nilianza nao saa tisa za usiku nikiwa wa kwanza kwenye mstari. Ni kweli kwamba baada ya saa moja nilikuwa wa mwisho. Ni kweli kwamba nilitapika mara tatu. Lakini maharagwe ya jioni ile yalikuwa hayajaiva, nami nilimwambia mpishi hivyo, na tochi ya Mustaf ilinimulika machoni njia nzima. Inasemwa pia kwamba nilisimama mbele ya jiwe kubwa nikaliita shemeji na kuliomba linipishe. Sikumbuki jambo hilo. Na hata kama lilitokea, jiwe lilikuwa njiani, na nilizungumza nalo kwa heshima.

Mutugi alinishika mkono akanishusha. Wenzangu kumi wote walifika juu. Ayan alifika wa tatu.

Mwenyekiti anasema hili linathibitisha nadharia yake. Ndugu Mhariri, watu kumi kufanya jambo na kufaulu, na mtu mmoja kutolifanya na kushindwa, ni sadfa. Nimesoma vitabu vingi vya mantiki kuliko yeye, na hakuna hata kimoja kinachoruhusu kuhukumu kwa tapiko la mtu mmoja.

7. Lalamiko la mwisho ni la heshima yangu. Tangu turudi, nikiingia dukani kwa Bare kunywa chai, wananiita Mzee wa Kambini. "Karibu, Mzee wa Kambini! Simama kwanza mlangoni uzoee hewa ya humu." Juzi Bare mwenyewe, mtu ambaye hajawahi kupanda hata juu ya paa la nyumba yake, alinimiminia nusu kikombe, akaniambia nikaonje nyumbani nirudi kesho kwa nusu iliyobaki. Duka zima lilicheka. Mama Ayan, mke wangu, aliposikia alicheka pia, halafu akasema, "Tia sahihi, baba Ayan, uende. Karatasi haitakuuma." Mke wangu ni mtu mwema lakini hajui tofauti kati ya karatasi na msimamo. Nikitia sahihi pale, nimekiri mbele ya Garissa yote kwamba Abdinur alikuwa sawa. Na nisipotia, Desemba watapanda bila mimi, na Ayan ameshajiandikisha.

Kwa hiyo namtaka Mwalimu Abdinur aifute sehemu ya nne kabla ya Ijumaa ile, kwa maandishi, katika ukurasa uleule wa tatu. Picha anaweza kuiacha.

Nawasalimu wasomaji wote, wazee wa mtaa wetu, walimu wote hata waliopotoka, Mutugi huko mlimani na mpishi wake. Mwenyezi Mungu atupe afya na vilele.

Ni mimi, katika kutetea akili ya kawaida,

Nunow Korane,
Mfanyabiashara wa mifugo, Garissa

N.B. Naomba uchapishe pia tangazo hili dogo, pembeni, si lazima liwe na herufi kubwa. Wanunuzi wangu wa Hadado: ngamia kumi na wawili kutoka Hulugho watafika kwenu wiki ijayo. Hawa wamekulia maji matamu, na visima vyenu vina chumvi. Wasipelekwe moja kwa moja. Siku ya kwanza wafikishwe kisimani, waonje kidogo, warudishwe kulala walikolala jana. Kesho yake wafanyiwe vivyo hivyo. Siku ya tatu wanywe, na hawatapata neno. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yangu, na hakuna mwenye akili anayefanya vingine. Mwaka jana Kulow, mnunuzi wangu wa huko huko Hadado, alisema kwenda na kurudi ni kupoteza siku, akawaswaga mpaka kisimani kwa mkupuo mmoja, na wanne wakaharisha mpaka wakalala chini. Mpaka leo anasema ni sadfa. Kulow, najua unalisoma jarida hili. Ukitaka tena ngamia wangu, njoo kwanza useme mbele ya watu kwamba ulikosea. Haitakuuma.