Vioo vya Umeme vya Gari la Mkunga

Mjanja anayejiheshimu huanza siku yake kwenye duka la vitu vya kale, maana huko watu hutaja bei kwa sauti. Injinia (cheo cha kujipachika, chuo cha ufundi alikaa wiki mbili, na moja alikuwa anaumwa) alikuwa ameegemea kaunta akipiga soga pale mwenye duka alipoguna, "Lile gari kuukuu la mkunga mstaafu! Anayeniletea vile vioo vyake vya pembeni, vya duara, nampa hela ya pikipiki mpya."

Injinia alijifanya hakusikia. Akaaga taratibu, na alipokata kona akatoka mbio.

Tatizo lilikuwa moja. Ili uchukue vioo vya mtu bila kuitwa mwizi lazima umwachie vingine, na Injinia hakuwa na hata kioo cha kunyolea ndevu. Mkewe alikuwa navyo. Mkewe alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke mwaminifu aliyekubali kuolewa na Injinia kwa sababu ambazo ukoo mzima unazijadili hadi leo, na gari lake la kufundishia lilikuwa na vioo vya kisasa vya umeme. Kesho asubuhi wanafunzi wake wanne wangefanya mtihani kwa gari hilo. Mwezi uliopita liliharibika wakakosa mtihani. Wakikosa tena, idara inamfungia shule.

Injinia akapiga hesabu: fungua asubuhi mke akiwa mkutanoni, uza mchana, nunua vingine jioni. Mpango safi. Mimi mwenyewe ninayemcheka hapa niliwahi kununua kwake kiwanja, na nilipokwenda kukiona nilikuta ni uwanja wa mpira, mechi inaendelea.

"Shikamoo, bibi! Kampuni yetu imekuchagua wewe kati ya madereva wakongwe wote," Injinia alimwambia mkunga mlangoni kwake, vioo vya mkewe vikiwa mkobani.

"Marahaba. Kongwe ni gari, mwanangu. Mimi ni mstaafu."

"Samahani, bibi. Tunakufungia vioo vya umeme bure. Unabonyeza swichi, kioo kinageuka chenyewe. Hivi vichakavu tunakusaidia kuvitupa."

Bibi alishika kifua. "Jamani! Vya marehemu mume wangu? Haya, chukua. Ila visije vikatikisika. Kitu kinachotikisika kinanipa kizunguzungu."

Injinia alidhani ni kazi ya nusu saa. Ilikula saa tano. Milango ile iliundwa kabla mtu yeyote hajafikiria kwamba kioo kinaweza kuhitaji umeme. Ikabidi afungue mlango kwa ndani, atoboe bati, apitishe nyaya penye bawaba, achonge kipande cha chuma cha kushika kitako cha kioo, kisha aweke fyuzi. Kila alipolipua kazi, Bibi alisema kutoka kwenye kigoda chake, "Kinatikisika, mwanangu," naye akafungua upya, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi.

Mwishowe akabonyeza swichi. Vioo vikageuka kushoto, kulia, juu, chini. Injinia akajikuta anatabasamu kwa furaha ya kweli, jambo la aibu kwa mtu wa kazi yake.

Dukani, mwenye duka aligonga mgongo wa kimoja cha vile vioo vya duara kwa ukucha. "Bati. Nimelikunja mwenyewe, hapo uani."

"Bibi yule tapeli!"

"Bibi yule ni dada yangu. Mjanja wa kwanza alitamani vifuniko vya magurudumu, akamwachia matairi mapya. Wa pili alitaka redio, akamwachia viti vya ngozi. Wewe umewashinda wote, dada amenipigia simu anakusifu. Wiki ijayo nataja bei ya bampa."

Injinia alirudi nyumbani kwa miguu. Alimkuta mkewe uani, mkono kwenye mlango wa gari, pale nyaya ziliponing'inia. Aliogopa. Uoga wa polisi alikwishauzoea, lakini uso ule hakuuzoea. Akaeleza yote, na kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza chumvi.

"Vimefungwa vizuri?" mkewe akauliza.

"Havitikisiki."

Wakaenda kwa mkunga. Bibi alikubali kulikodisha gari kwa siku moja, akataka dhamana. Mke akavua pete ya ndoa.

"Dhahabu?" Bibi akauliza.

"Alinunua yeye."

Bibi akaisukuma pete irudi kwa mwenyewe. "Basi niachie kitambulisho tu."

Kesho yake wanafunzi wote wanne walifaulu. Walirudi nyuma kati ya nguzo bila kugusa hata moja, macho yao kwenye vioo. Shule ikapona. Mtahini akalizunguka gari, akabonyeza swichi, akavuta kioo kwa nguvu zake zote, kikagoma kutikisika.

"Miaka ishirini sijaona kazi kama hii. Fundi nani?"

Mke akamwonyesha Injinia kwa kidole. "Mume wangu huyu."

Injinia akasogea mbele, kifua mbele. Mtahini alimtazama, kisha akacheka mpaka akavua miwani.

"Huyu? Si ndiye aliyeniuzia dawa ya kupaka matairi yasipasuke? Yalipasuka manne kwa mpigo!"

"Mzee, hii nimefunga kweli! Kwa mikono yangu! Ona malengelenge!"

"Koma! Hujatosheka na matairi yangu?" Mtahini akamgeukia mke, akampa kadi yake kwa heshima. "Mama, naelewa, mume unamsitiri. Lakini ukimwona fundi mwenyewe, mwambie idara ina magari thelathini yanayotaka vioo kama hivi, na malipo ni mazuri. Nitampa mtu yeyote kazi hiyo, isipokuwa huyu."