Wasimamizi Watatu na Dirisha Moja

Jumatatu, tarehe 6

Leo Mkurugenzi wa halmashauri kaniita ofisini kwake. Nimekaimu ukuu wa makarani tangu mzee wetu astaafu, na kiti chake kimeshanizoea. Kasema Ijumaa ataamua: anithibitishe mimi, au cheo ampe Miwani, yule wa chumba cha leseni anayecheka kwa pua. Nikamwomba makarani zaidi. Kakataa! Wananchi wanalalamika dirishani, kasema. Niwapange vizuri hao nilio nao. Nilio nao ni watatu: Mama Pacha, Kimya, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu.

Kupanga tu? Mimi nishindwe na watu watatu?

Alasiri. Wazo limekuja. Watu wanazembea kwa sababu hawana vyeo. Nimemteua Mama Pacha kuwa Msimamizi wa Dirisha, na Kimya kuwa Msimamizi wa Mafaili. Vibao vya mezani nimeviandika mwenyewe, kwa wino mwekundu. Kimya katabasamu! Sikujua kama ana mwanya.

Jumanne, tarehe 7

Shemeji kanuna. Kaniuliza yeye ni nani basi, mfagizi? Nikamjibu kwamba lazima abaki mtu wa kufanya kazi. Jibu baya. Nilipofika nyumbani, habari zilikuwa zimenitangulia. Mke wangu kanipokea kwa upole wa kutisha.

"Karibu, Mkuu. Kumbe mdogo wangu ndiye punda wako?"

Nimekula peke yangu. Kabla sijanawa mikono, shemeji alikuwa Msimamizi wa Nidhamu.

Jumatano, tarehe 8

Asubuhi ofisi ilipendeza. Wote wamevaa kama wanakwenda harusini. Mama Pacha kaja na mto wa kiti. Dirisha limefungwa. Nikauliza kulikoni. Mama Pacha kanijibu, kwa heshima zote, kwamba dirishani hakai, analisimamia. Kimya kasema mafaili yote yapo, ameyaona. Shemeji kanipa onyo kwa kuchelewa. Onyo! Mimi! Mtu niliyemwingiza kazini kwa mkono wangu!

Foleni ikafika barabarani. Nikafungua dirisha mwenyewe. Kazi hiyo sijaigusa miaka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alitaka cheti cha kuzaliwa, mwanawe apate kadi ya matibabu. Nikamwandikia haraka haraka, kwa mbwembwe. Akakisoma taratibu.

"Samahani, baba. Kwa hiyo mimi ndiye niliyezaliwa mwezi uliopita?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Miwani alikuwa kasimama mlangoni kwake. Kacheka kwa pua.

Alhamisi, tarehe 9

Mbinu mpya. Mkurugenzi asione foleni. Basi foleni isiwepo. Nikatoka barazani na kutangaza, kwa sauti ya msibani, kwamba mtandao umekatika na watu warudi Jumatatu. Vyeti vyetu tunaviandika kwa mkono, lakini nani anajua?

Yule mama wa mtoto, aliyerudi kurekebishiwa cheti, anajua. Jana aliniona nikikiandika.

Baraza likawa tupu. Nikajipongeza kwa chai. Hata haijapoa, nikasikia vishindo juu ya kichwa changu. Foleni yote imehamia ghorofani, mlangoni kwa Mkurugenzi! Miwani ndiye aliyewaonyesha ngazi. Mnafiki mkubwa.

Ijumaa, tarehe 10

Nimeitwa. Miwani ndiye Mkuu wa Makarani. Mimi nakwenda dirishani. Nikasema sawa, lakini vile vyeo vya wale watatu vifutwe, maana nilivitoa kwa haraka. Mkurugenzi, ambaye sijawahi kumwona akicheka, kacheka. Kasema vibaki mpaka mwisho wa mwezi, nami nionje.

Mama Pacha kanipa mto wake. Kasema benchi la dirishani linauma, pole sana. Nilitaka kukataa. Sikukataa.

Wa kwanza kuhudumiwa alikuwa yule mama. Safari hii niliandika polepole, na kila jina likakaa mahali pake. Kakisoma chote, kisha kakikunja vizuri.

"Afadhali," kasema. "Leo nimekuwa mama tena."

Nikajisikia vizuri kidogo. Ajabu.

Jumatatu, tarehe 13

Niko dirishani. Mama Pacha anasimamia dirisha, Kimya anasimamia mafaili ninayoyabeba, shemeji anasimamia nidhamu yangu, na Miwani anatusimamia sote. Onyo la pili nimepata kabla ya chai. Nyumbani mke wangu ana furaha isiyo na kifani.

Lakini nimejifunza. Kosa langu nimeliona waziwazi: vyeo havikutosha! Mlinzi wa getini ana mwandiko mzuri, na kutwa amekaa tu. Mchana nikampelekea chai na kumnong'oneza: Naibu Msimamizi wa Dirisha. Macho yakamng'aa. Kisha kauliza, geti atamwachia nani?

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Geti nitalitafutia msimamizi.