Pilau ya Kuokoa Intaneti

Alhamisi, 5 Juni. Ilomba.
Mzee Kalinga wa Iringa, baba yake Eveline, hapokei barua yangu ya posa mpaka anione uso. Basi la Iringa lipo kila asubuhi. Lakini mimi nilishajisifu nina intaneti ya nyumbani inayokimbia, nikasema tuonane kwa video Jumapili saa moja jioni. Leo nimejaribu saa hiyo hiyo na Eveline. Sura yake ikaganda, mdomo wazi. Majirani wananiibia intaneti, wezi hao. Nimebadilisha paswedi.

Ijumaa, 6 Juni.
Bado inajikokota. Nimemnunia jirani yangu Bibie tangu asubuhi, kumbe ana intaneti yake. Fundi Aroni kanieleza kwamba laini ya mtaa ni moja, tunagawana kama maji ya bomba. Jioni kila nyumba ikifungua, kila ndoo inapata matone. Akashauri nipige alfajiri watu wakiwa wamelala. Nimwamshe mkwe? Adabu gani hiyo. Dawa ni kuwatoa watu majumbani mwao.

Jumamosi, 7 Juni.
Nimealika mtaa mzima, kesho saa moja. Pilau ya mchele wa Madibira, si mchezo. Bibie kakubali kupika. Kauliza kuna nini, nikasema ni upendo tu. Akaniangalia sana.

Jumapili, 8 Juni.
Walikuja wote. Nikawaacha uani, nikajifungia sebuleni. Mzee akatokea safi, mpaka mvi za ndevu zinaonekana. Nikamwamkia. Video ikaganda nikiwa kwenye "shika", "moo" haijatoka. Kuchungulia dirishani, mtaa mzima umeinua simu, wanarusha pilau mubashara. Paswedi Bibie aliniomba mchana, na mpishi wako humnyimi. Naye kawagawia wenzake kama vijiko.

Nilitoka mbio nikawaambia ukweli wote. Nampenda Eveline jamani. Wakazima simu, Bibie wa kwanza, wakajazana sebuleni kumwamkia mzee. Mzee akasema uso wangu haukumvutia sana, ila kwa mwenye majirani kama hawa binti yake hatakuwa mpweke. Niilete barua. Nimelia, sifichi.

Jumatatu, 9 Juni.
Kikao cha kwanza cha harusi ni Jumapili ijayo, saa moja jioni. Wajumbe ni mtaa mzima. Nimeshawatangazia kwamba safari hii asije mtu kwangu. Kila mmoja abaki nyumbani kwake, afungue video. Intaneti yangu nayo ipumue.